Mbuzi wanakohoa na penisilini haisaidii: kumtambua bakteria asiye na ukuta

Saa kumi na mbili asubuhi mama mmoja wa Simanjiro alinipigia simu. Mbuzi wake wanne walikuwa wamelala hawainuki, wawili walikuwa wamekufa usiku. "Daktari, leo ni siku ya tatu nawachoma penisilini. Chupa ya pili hiyo inaisha." Nikamuuliza, kondoo je? Alinyamaza kidogo, nadhani alikuwa anageuka kuangalia zizi. "Kondoo wanakula tu."

Maneno hayo mawili, penisilini imeshindwa na kondoo wanakula, yalinitosha kupanga safari. Mbuzi na kondoo walilala zizi moja na kuchunga pamoja, lakini ugonjwa ulikuwa unachagua. Na dawa ambayo ingepunguza nimonia ya kawaida haikugusa kitu. Kuna bakteria mmoja anayefanya hivyo, anaitwa mikoplasma, tena ana ndugu zake kwa ng'ombe, kuku, mimea na hata kwa sisi binadamu. Wote wanashirikiana jambo moja: hawana ukuta. Nimeandika mwongozo huu kwa kuanzia na kile mfugaji anachokiona kwa macho yake, kisha tunarudi nyuma kutafuta chanzo. Kabla ya dalili, naomba uvumilie aya chache kuhusu huo ukuta, kwa sababu karibu kila uamuzi utakaoufanya zizini unatokana nao.

Ukuta ambao hana

Bakteria wengi wana tabaka gumu nje ya utando wao laini. Ni wavu uliosukwa kwa minyororo ya sukari iliyofungwa pamoja na vipande vya protini. Ndani ya bakteria maji yanasukuma kwa nguvu kutoka katikati, na wavu huo ndio unaomzuia asipasuke. Penisilini na jamaa zake, kama amoksilini, hufanya kazi moja: humfunga mikono fundi anayekaza mafundo ya mwisho ya ule wavu. Bakteria anaendelea kukua, wavu unabaki na mianya, anapasuka na kufa.

Mikoplasma hana wavu huo. Mababu zake walikuwa nao, lakini katika vizazi vingi vya kuishi ndani ya miili ya wengine walipoteza jeni nyingi, za kujenga ukuta zikiwemo. Amebaki na utando peke yake, na ili usichanike huuimarisha kwa kolesteroli anayoichukua kwa mnyama anayemkalia. Penisilini ikifika kwake haimkuti fundi wala kazi inayofanyika. Unaweza kuchoma chupa tano. Unamchosha mbuzi na mfuko wako.

Mambo mengine matatu yanafuata hapo. Kwanza, ni mdogo sana. Katika milimita moja unaweza kupanga zaidi ya 2,000 kwa mstari. Huweza kupenya vichujio vinavyozuia bakteria wengine, ndiyo maana watafiti wa kale walidhani ni virusi, mpaka Nocard na Roux walipofaulu kumkuza yule wa ng'ombe huko Ufaransa mwaka 1898. Pili, jeni zake ni chache mno. Jamaa yake mmoja anayeishi kwa binadamu ana jeni takriban 500 tu, wakati bakteria wa kawaida wa utumbo ana zaidi ya 4,000. Mwenye vifaa vichache hivyo hawezi kujitegemea. Chakula chake kingi anakiomba kwa mwenyeji wake. Tatu, na hili wafugaji wengi hawaambiwi, nje ya mnyama anakufa upesi. Jua, ukavu na dawa za kawaida za kuua vijidudu humwangamiza. Huna haja ya kuchoma moto boma. Hatari yako ni mnyama aliye hai anayepumua karibu na mwenzake.

Mbuzi wanakohoa na kufa, kondoo wako salama

Mshukiwa wa kwanza ni homa ya mapafu ya mbuzi. Wamaasai huuita olkipiei, jina lilelile la ugonjwa wa mapafu wa ng'ombe, na kwa kweli ni vijidudu vya ukoo mmoja.

Pima joto. Mbuzi mzima yuko kati ya 38.5 na 40. Huyu utamkuta 41 au zaidi. Anabaki nyuma wenzake wakienda machungani. Ukimlazimisha kutembea haraka anasimama na kukohoa kwa nguvu, kikohozi kirefu chenye maumivu. Baadaye anasimama miguu ya mbele ameitanua, shingo ameinyoosha mbele, mdomo wazi, ulimi nje, mate yanadondoka kwa nyuzi. Anaguna anapotoa pumzi. Katika kundi ambalo halijawahi kuupata, wanaweza kuugua karibu wote na kufa zaidi ya nusu yao. Wengine hufa siku ya kwanza hadi ya tatu kabla hujajua hata nani anaumwa.

Sasa tenganisha na magonjwa yanayofanana nao. Kama kondoo nao wanaugua, kuna kuhara, vidonda mdomoni na makamasi mazito yanayoziba pua na macho, fikiria sotoka ya mbuzi na kondoo. Hiyo ni virusi, na hakuna antibiotiki inayoigusa. Kama kondoo na mbuzi wote wanakohoa baada ya mvua kubwa, baridi au safari ndefu ya lori, fikiria nimonia ya pasturela, ambayo bakteria wake ana ukuta na mara nyingi hukubali dawa za kawaida. Kama mnyama anatetemeka, anatembea kwa kuzunguka au anatupa miguu akiwa amelala, na eneo lina kupe wengi, fikiria ugonjwa wa maji ya moyo.

Mzoga ndio unaosema wazi kuliko vyote. (Kama kuna damu inayotoka puani au njia ya haja na haigandi, usipasue kabisa, huenda ni kimeta. Mpigie afisa mifugo.) Fungua kifua. Katika homa ya mapafu ya mbuzi utakuta maji ya rangi ya majani makavu, na utando wa njano kama yai lililovurugwa umeligandisha pafu kwenye mbavu. Mara nyingi ni pafu la upande mmoja tu, wakati pasturela hupenda pande zote mbili, sehemu za mbele na chini. Ukilikata pafu, ni gumu kama ini, na mwanzoni mwa ugonjwa unaweza kuona vinundu vya njano vya ukubwa wa punje ya choroko au njegere. Nje ya kifua, huoni kitu cha maana. Katika ugonjwa wa maji ya moyo nako kuna maji kifuani, na hapa wengi hukosea. Tazama mfuko unaozunguka moyo. Kama umejaa maji na mapafu yamelowa tu bila kuwa magumu upande mmoja, uko kwenye ugonjwa wa kupe.

Mbuzi wa yule mama walikuwa na pafu la kulia limeganda kwenye mbavu, la kushoto likiwa jekundu laini kama la mnyama mzima. Nikamuuliza ni mbuzi gani mgeni zizini. Beberu, alisema, wa mnadani, ana wiki mbili. Beberu mwenyewe alikuwa bado anasimama, anakohoa kidogo asubuhi. Kwa kawaida dalili huanza siku 6 hadi 10 baada ya mbuzi kuambukizwa, ingawa wengine huchukua hadi wiki kadhaa. Hesabu ilikubali.

Inafaa kujua kwamba kijidudu chenyewe kilitambuliwa jirani hapa. Ugonjwa ulielezwa Algeria mwaka 1873, na kwa miaka mingi lawama zilimwangukia ndugu yake mwingine wa ukoo huo. Ni mwaka 1976 ndipo watafiti nchini Kenya walipomtenga mhusika halisi kutoka kwa mbuzi wagonjwa, wakampa jina la maabara F38. Sababu ya kuchelewa ni kwamba ni mgumu kumkuza. Akiwekwa kwenye chakula cha kawaida cha maabara haoti kabisa. Anataka seramu ya mnyama, joto, na siku nyingi.

Kwa hiyo ukipeleka sampuli, mpe nafasi. Chukua maji ya kifuani kwa bomba safi la sindano, na kipande cha pafu pale mpakani ambapo sehemu mbovu inakutana na nzima. Weka kwenye barafu na uwahi. Pafu lililokaa juani nusu siku ndani ya mfuko wa nailoni litaleta jibu la "hakuna kilichoota", na utabaki unaamini si huu ugonjwa. Kumbuka kuiambia maabara kama mnyama alishachomwa dawa.

Nimechoma dawa, haikusaidia

Hapa ndipo pesa nyingi za wafugaji zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Soma chupa, usisome rangi ya dawa wala maneno ya muuzaji.

Kama ni penisilini peke yake, au amoksilini, umeshaelewa. Kama ni salfa, nayo haifanyi kazi, kwa sababu nyingine: salfa huzuia bakteria kujitengenezea asidi ya foliki, na mikoplasma hajitengenezei, anaichukua ikiwa tayari.

Kama ni ile dawa nyeupe kama maziwa yenye penisilini na streptomaisini pamoja, tulia kidogo. Nusu ya chupa hiyo haina kazi, nusu nyingine inaweza kuwa nayo, kwa kuwa streptomaisini haiendi ukutani. Inaenda kwenye ribosomu, mahali kijidudu kinapotengenezea protini zake. Hii ndiyo asili ya ubishi ninaoukuta kila mnada: mmoja anaapa "penisilini ilinisaidia", mwenzake anaapa haikumsaidia. Wote wanasema kweli. Hawakuwa na chupa moja.

Dawa zinazofika kwa mikoplasma ni zile za kwenye ribosomu, hasa tailosini na oksitetrasaiklini, na zile zinazovuruga uzi wake wa vinasaba, kama enrofloksasini. Kwa mbuzi, tailosini au oksitetrasaiklini zikianza siku ya kwanza ya homa huokoa wengi. Zikianza mbuzi ameshatoa ulimi, pafu limeshaganda, unachokifanya ni kumsindikiza. Kwa hiyo usisubiri wakohoe: kundi likishaingiwa, pima joto la wote kila asubuhi na uanze kwa wenye homa. Dozi ipangwe na daktari wa mifugo kwa uzito wa mnyama, na imalizwe. Dawa nyingi kati ya hizi humsimamisha kijidudu asizaane, na kinga ya mwili ndiyo inayomaliza kazi. Ukikatiza siku ya pili kwa sababu mbuzi ameanza kula, anarudi.

Kuna mtego mwingine. Mbuzi akipona kwa oksitetrasaiklini, hilo halithibitishi kwamba ilikuwa mikoplasma. Dawa hiyohiyo huponya pasturela nyingi na ugonjwa wa maji ya moyo. Kushindwa kwa penisilini kunakwambia kitu. Kufaulu kwa tetrasaiklini kunakwambia kidogo sana. Ndiyo sababu nasisitiza mzoga mmoja upasuliwe hata kama waliobaki wanaendelea vizuri. Na usisahau muda wa kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja; umeandikwa kwenye kibandiko.

Ng'ombe amesimama viwiko nje, anaguna

Homa ya mapafu ya ng'ombe huja polepole kuliko ya mbuzi, na upole huo ndio ubaya wake. Kutoka kuambukizwa hadi dalili inaweza kupita mwezi mmoja hadi mitatu, wakati mwingine hata sita. Mfugaji huwa ameshasahau ng'ombe aliyemnunua Aprili anapoona kikohozi Julai.

Dalili za mwanzo ni homa, maziwa kupungua, ng'ombe kukohoa anapoinuka asubuhi au anapokimbia kisimani. Baadaye anasimama mgongo umepinda juu, kichwa kimenyooshwa, viwiko amevitoa nje ili mbavu zisimbane, na kila pumzi inatoka na mguno. Ukimbonyeza kati ya mbavu anakwepa kwa maumivu. Ndama walio chini ya miezi sita wanaweza wasikohoe kabisa. Wao huvimba magoti. Ukiona ndama wanachechemea na mama zao wanakohoa katika boma moja, usitibu kama magonjwa mawili.

Ugonjwa unaochanganywa nao zaidi ni ndigana kali. Shika tezi chini ya sikio na mbele ya bega. Zikiwa zimevimba kama yai, kuna kupe masikioni, na povu jeupe linatoka puani, nenda kwenye ndigana. Kifua kikuu nacho humdhoofisha ng'ombe kwa kikohozi cha muda mrefu, ila vinundu vyake vinakuwa vigumu, vyenye jibini au chokaa ndani.

Kwenye mzoga, homa ya mapafu ya ng'ombe ina sura ambayo ukiiona mara moja hutaisahau. Kifua kinaweza kuwa na maji hata lita 30. Pafu likikatwa lina vipande vyekundu, vya kijivu na vyeusi, na kati yake mistari minene ya njano iliyojaa majimaji, kama sakafu ya marumaru. Kwa mbuzi mistari hiyo hainenepi hivyo.

Kijidudu kinaletaje uharibifu wote huo bila hata sumu kali? Yule wa ng'ombe hujibandika kwenye seli za njia ya hewa, na anapotumia gliseroli ya mwenyeji hutoa haidrojeni peroksaidi, kemikali ileile tunayooshea vidonda. Akiimimina moja kwa moja kwenye seli aliyoishikilia, anaiunguza. Mwili nao hujibu kwa kumwaga majimaji na utando, na majibu hayo ndiyo yanayoziba pafu.

Huu si ugonjwa wa kutibu kimyakimya. Ni wa kutoa taarifa kwa afisa mifugo, na kusimamisha mifugo isitoke. Najua mfugaji anasikia neno karantini na kufikiria mnada uliofungwa na ada ya shule. Lakini watu wa nyanda hizi wanakumbuka Emutai: miaka ya 1880 homa ya mapafu ilipiga ng'ombe wa Wamaasai kwanza, kisha sotoka ya ng'ombe na ndui ya watu zikafuata. Afrika Kusini iliupata mwaka 1853 kupitia madume wa kutoka Uholanzi na kupoteza ng'ombe zaidi ya 100,000. Botswana, ulipoingia Ngamiland mwaka 1995, iliua ng'ombe wote wa wilaya hiyo, takriban 320,000, ili kuumaliza. Kuchelewa wiki tatu kutoa taarifa ni jambo kubwa.

Ng'ombe amepona na kunenepa, lakini wenzake wanaanza kuugua

Mtazame huyo aliyepona. Katika pafu lake sehemu iliyokufa inaweza kuzungukwa na gamba nene la nyama ngumu, likafungiwa humo kama jiwe ndani ya tunda, na vijidudu hai vikabaki ndani kwa miezi mingi. Ng'ombe anakula, ananenepa, anauzika. Gamba likipasuka anaweza kuwa chanzo tena. Tiba isiyokamilika huficha dalili na kumfanya mnyama wa namna hii aingie sokoni akiwa anapendeza, ndiyo maana mamlaka za nchi nyingi hazitaki ng'ombe wa ugonjwa huu watibiwe bila usimamizi.

Vilevile mikoplasma wengi hubadilisha protini za juu ya utando wao mara kwa mara. Kinga ya mnyama inajifunza sura moja, yeye anavaa nyingine. Asiye na ukuta amejifunza kujificha.

Ushauri wangu ni mgumu lakini nausimamia: ng'ombe aliyeugua homa ya mapafu na kupona aende machinjioni chini ya ukaguzi, baada ya muda wa dawa kuisha. Asiuzwe mnadani kwa mwenzako.

Magoti, macho na kiwele kwa pamoja

Mbuzi maziwa yamekauka ghafla au yamekuwa majimaji ya njano, magoti yamevimba, na mwingine jicho limekuwa jeupe: dalili hizi tatu zikitembea pamoja katika kundi moja, fikiria ugonjwa wa kukauka maziwa, unaoletwa na mikoplasma wa aina kadhaa. Mtu akiangalia kiwele peke yake atasema ni ugonjwa wa kawaida wa kiwele na kuingiza tyubu ya penisilini kwenye chuchu. Haitasaidia. Mkamaji huubeba mikononi kutoka kwa mbuzi mmoja hadi mwingine, kwa hiyo kamua wagonjwa mwisho na uoshe mikono. Kwa ng'ombe wa maziwa yupo Mycoplasma bovis, ambaye dalili yake kubwa ni kiwele kuvimba robo zaidi ya moja wakati ng'ombe mwenyewe anaonekana hana shida, na dawa zote za kiwele zinashindwa.

Kuku wanakoroma usiku

Ingia bandani usiku, zima taa, nyamaza. Ukisikia mkoromo na kupiga chafya hapa na pale, na siku zinapita bila vifo vingi lakini mayai yanapungua, huyo ni Mycoplasma gallisepticum anayeleta mafua sugu. Huenda taratibu. Mafua makali ya kuku, kinyume chake, hulipuka ndani ya siku mbili tatu, uso unavimba na kuna harufu mbaya. Mdondo huua wengi kwa haraka, kinyesi kinakuwa cha kijani, shingo zinapinda.

Mikoplasma wa kuku hupita kutoka kwa mama hadi kwa kifaranga kupitia yai. Hili ndilo linalowachanganya wanaosafisha banda kila wiki na bado mafua yanarudi: ugonjwa umenunuliwa ndani ya vifaranga. Tailosini kwenye maji hupunguza dalili, haimtoi kijidudu bandani. Tafuta chanzo kingine cha vifaranga, fungua madirisha harufu ya mkojo itoke, na kundi jipya lisichanganywe na la zamani.

Majani ya tembo yamedumaa

Haya si ya daktari wa mifugo, lakini ni chakula cha ng'ombe wako. Shina la majani ya tembo likichipua vitawi vingi vifupi, majani yakiwa madogo ya njano, hasa baada ya kukatwa mara ya pili, ni jamaa wa mikoplasma anayeishi ndani ya mirija ya mmea, akisambazwa na mdudu mdogo mrukaji anayefyonza utomvu. Magharibi mwa Kenya na Uganda wanaujua vizuri. Ng'oa shina lote, na usichukue pando kutoka shamba hilo. Ugonjwa wa kunyong'onyea kwa minazi katika pwani ya Tanzania ni wa kundi hilohilo.

Na kikohozi changu mwenyewe?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na ni la haki. Mikoplasma wa mbuzi na ng'ombe niliowaeleza kwenye mapafu hawaambukizi binadamu. Binadamu ana wake, Mycoplasma pneumoniae, anayepita mtu kwa mtu, hasa mabwenini na ndani ya familia, na huleta kikohozi kikavu cha wiki kadhaa huku mgonjwa akiendelea na shughuli zake. Amoksilini haimgusi, kwa sababu ileile. Hospitali zina dawa zake, kama azithromaisini na doksisaiklini. Usijichome dawa ya mbuzi. Na kikohozi kikipita wiki mbili, kapime kifua kikuu kwanza. Bakteria wa kifua kikuu ana ukuta mnene wenye nta, ni ugonjwa mwingine kabisa, na kuchelewa kwake kunaua.

Nilichanja, bado wamekufa

Chanjo mbili zinachanganywa kila siku, na zinafanya kazi tofauti.

Ya ng'ombe ni hai. Inaitwa T1/44: kijidudu kilitengwa Tanganyika mwaka 1951, kisha kikapitishwa mara 44 kwenye mayai ya kuku mpaka kikapoteza ukali. Kwa kuwa ni mikoplasma hai, ukimchoma ng'ombe oksitetrasaiklini au tailosini siku za karibu na chanjo, unaiua chanjo yako mwenyewe. Nimewaona watu wakichanganya sindano zote mbili siku moja "ili kumaliza kazi". Joto nalo linaiua. Ikishachanganywa na maji yake ikae kwenye barafu, kivulini, na itumike haraka kama kibandiko kinavyoelekeza. Kinga yake ni ya takriban mwaka mmoja, kwa hiyo aliyechanjwa mara moja na kurudiwa baada ya miaka mitatu yuko wazi. Uvimbe mahali pa sindano hutokea kwa baadhi. Mwonyeshe daktari, usiupasue. Ndama chini ya miezi sita kwa kawaida hawachanjwi.

Ya mbuzi, inayotengenezwa Kenya kutokana na F38, ni ya vijidudu vilivyouawa. Dawa haiidhuru, lakini kugandishwa kunaiharibu; iwe kwenye ubaridi wa friji, isiguse barafu moja kwa moja. Kinga huchukua wiki mbili hadi tatu kujengeka. Mbuzi aliyekwisha kuvuta kijidudu siku ya chanjo ataugua vilevile, na mfugaji ataisingizia chanjo. Ndiyo maana kuchanja kundi ambalo tayari linakohoa, bila kutibu wenye homa na bila kuwatenga, hakuokoi.

Kwa hiyo nunua daftari. Upande mmoja andika tarehe ya kila chanjo, jina lake na namba ya chupa. Upande wa pili kila sindano ya dawa, ya mnyama gani. Mnyama mpya akiingia, mtenge angalau wiki nne mbali na zizi na upime joto lake, kisha andika siku aliyojiunga na wenzake. Daktari akija, mpe daftari kabla hajaomba.